Kisanduku cha Ukutani: Historia ya Vifaa vya Intaneti Nyumbani

Kisanduku chenye taa ndogo kinachokaa juu ya kabati la televisheni au kutundikwa ukutani karibu na mlango huitwa ruta na baadhi ya watu, na wengine hukiita modemu. Hakuna aliyekosea. Ndani ya kasha hilo moja mna vifaa vinne ambavyo kila kimoja kilibuniwa peke yake, kwa wakati wake na kwa ajili ya tatizo lake: modemu, ruta, swichi na kituo cha waifai. Modemu ilikuwapo kabla ya intaneti yenyewe. Waifai ilianza kuingia majumbani mwaka 1999. Huko Marekani na Ulaya vifaa hivi vilijengwa juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba ilikuwa nacho tayari, yaani waya wa simu. Afrika Mashariki waya huo ulikuwa wa wachache, na ndiyo maana mambo yalikwenda kinyume: setelaiti na minara ya simu za mkononi vilitangulia, na waya wa kuingia nyumbani ukaja mwishoni, tena si wa shaba.

Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Hupitisha vizuri milio yenye mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, na kisichoingia katika kiasi hicho hupotea njiani. Kompyuta haina sauti. Ina sifuri na moja. Kazi ya modemu ni kuzigeuza tarakimu hizo ziwe milio inayoweza kupita, na modemu ya upande wa pili huigeuza milio iwe tarakimu tena. Modemu za mwanzo zilihudumia mfumo wa ulinzi wa anga wa Marekani ulioitwa SAGE, uliounganisha kompyuta na vituo vya rada katika miaka ya 1950. Mwaka 1962 kampuni ya AT&T ilitoa modemu ya Bell 103, iliyopitisha biti 300 kwa sekunde. Upande uliopiga simu ulitoa mlio wa mitetemo 1,070 kwa sifuri na 1,270 kwa moja. Upande uliopokea ulitumia 2,025 na 2,225. Kwa kuwa milio ya pande mbili haikugongana, zote ziliweza kusema kwa wakati mmoja kwenye waya uleule. Mbinja na mikwaruzo iliyosikika miaka ya 1990 kila kompyuta ilipounganishwa ilikuwa mazungumzo ya namna hiyohiyo, ila yamekuwa tata zaidi.

Kwa muda mrefu kilichoizuia modemu isienee kilikuwa sheria kuliko ufundi. Kampuni ya simu ya Marekani haikumruhusu mteja kuunganisha kwenye laini yake kifaa kisichokuwa cha kampuni hiyo. Mafundi waliikwepa amri hiyo kwa kutengeneza modemu yenye vikombe viwili vya mpira: mkono wa simu ulilazwa juu yake, milio ikapita hewani, na waya haukuguswa. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliamua shauri la Carterfone, lililohusu kifaa cha kuunganisha redio za mawasiliano na simu, na katazo likaanza kuporomoka. Miaka 13 baadaye, Dennis Hayes na Dale Heatherington waliuza Smartmodem, iliyoweza kupokea amri kutoka kwa kompyuta: piga namba hii, pokea, kata. Amri hizo zilianza na herufi AT. Kampuni ya Hayes haipo tena, lakini amri zake bado zimo ndani ya modemu za laini ya simu ya mkononi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi.

Kasi ilipanda hatua kwa hatua hadi kilobiti 28.8 kwa sekunde mwaka 1994 na 56 mwaka 1998, na hapo waya wa sauti ukafika kikomo. Picha ya megabaiti moja ilichukua zaidi ya dakika nne kwa modemu ya kilobiti 28.8, endapo laini haikukatika.

Laini kutokatika ilikuwa bahati Nairobi na Dar es Salaam, na kuwa na laini ilikuwa bahati kubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, Kenya na Tanzania zilikuwa na chini ya laini moja ya simu kwa kila watu 100. Tanzania ilibeba mzigo mwingine: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ingawa katazo lililegezwa baadaye, lilichelewesha utaalamu kwa miaka mingi. Waliotangulia kutumia modemu katika eneo hili hawakuwa watu wa majumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la Environment Liaison Centre International la Nairobi liliendesha kituo cha FidoNet, mtandao wa kubadilishana barua kwa njia ya simu. Barua pepe zilikusanywa ndani ya kompyuta moja, kisha zikabanwa na kusafirishwa kwa mkupuo mmoja kwa simu ya kimataifa, ambayo gharama yake ilihesabiwa kwa dakika. Upande wa pili, GreenNet ya London ilizipokea na kuzisambaza duniani. HealthNet, iliyowahudumia madaktari, ilitumia setelaiti ndogo iliyozunguka chini na kupita juu ya Afrika mara chache kwa siku, ikichukua barua na kuacha majibu. Huduma hizo zilitosha kwa barua, na kwa mtafiti aliyezoea kusubiri jarida miezi mitatu zilikuwa muujiza.

Mwaka 1995 Kenya ilipata muunganisho kamili wa intaneti. Kampuni ya Africa Online, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia na Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, Wakenya watatu waliosoma Marekani, ilikuwa miongoni mwa zilizouza huduma hiyo kwa umma. Mteja wa nyumbani alihitaji kompyuta, modemu na laini ya simu, na alilipa mara mbili: kwa kampuni ya intaneti na kwa shirika la simu. Intaneti ikiwa kazini, simu ya nyumba ilikuwa na shughuli, na ndugu aliyepiga kutoka shamba hakupata jibu. Si ajabu kwamba wengi waliijua intaneti kwenye intaneti kafe, chini ya dishi lililoelekezwa kwenye setelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi na jibu vilipanda na kushuka umbali huo, safari ya karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga, na dishi moja likagawanywa kwa kompyuta kumi au ishirini.

Kuzigawia kompyuta nyingi njia moja ni kazi ya ruta. Modemu hufikisha data upande wa pili wa waya. Ruta husoma anwani iliyo juu ya kila pakiti ya data na kuamua ielekezwe wapi. Ya kwanza iliitwa IMP. Ilitengenezwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Massachusetts kwa kuibadili kompyuta ya Honeywell, ikawa na uzito wa zaidi ya kilo 400, na tarehe 29 Oktoba 1969 ilipitisha ujumbe wa kwanza kati ya chuo kikuu cha UCLA na taasisi ya utafiti ya SRI. Mwaka 1984 Leonard Bosack na Sandy Lerner, waliokuwa Stanford, walianzisha kampuni ya Cisco, na ruta ikawa biashara. Hata hivyo ilibaki kifaa cha vyuo na makampuni. Nyumba yenye kompyuta moja ingeitumia kwa kazi gani?

Kilichoileta ruta nyumbani ni upungufu wa anwani. Anwani za intaneti za mfumo uliozoeleka ni 4,294,967,296 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikwisha kuonekana kuwa hazitatosha. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo la kuziruhusu kompyuta nyingi zijifiche nyuma ya anwani moja. Mwaka huohuo yakatengwa mafungu ya anwani za ndani, likiwemo lile linaloanza na 192.168, ambazo kila nyumba inaweza kuzitumia kwa sababu hazitoki nje. Simu ya mtoto inapofungua video, ruta huiondoa anwani ya ndani, huweka anwani ya nyumba, na kuandika katika daftari lake kwamba jibu likija ni la simu hiyo. Utaratibu huu ulikusudiwa uwe wa muda, hadi mfumo mpya wa anwani, IPv6, ushike nafasi. Robo karne imepita na zaidi, na wa muda ndio ulioshika nyumba. AFRINIC, taasisi yenye makao Mauritius inayogawa anwani za Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya akiba yake Januari 2020. Kampuni nyingi za simu hufanya ufichaji huo kwa mara ya pili ndani ya mitandao yao, kiasi kwamba maelfu ya wateja huonekana nje kwa anwani chache. Ndiyo sababu kamera ya ulinzi iliyofungwa nyumbani mara nyingi haiwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Lazima ianze yenyewe kuita.

Swichi ina historia fupi zaidi. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na David Boggs, wakiwa kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, walianza kuunganisha kompyuta za jengo moja kwa kebo nene iliyopitishwa kotekote, kila kompyuta ikisikia yote yaliyosemwa na nyingine. Mfumo huo ndio Etheneti. Mwaka 1990 kiwango kipya kiliruhusu kutumia nyaya nyembamba zilizosokotwa mbilimbili, zinazoishia kwenye plagi ya plastiki yenye pini nane, na mwaka huohuo kampuni ya Kalpana ikatoa swichi ya kwanza ya Etheneti, iliyopeleka pakiti kwa mlengwa peke yake badala ya kuitangaza kwa wote. Matundu manne yaliyopangwa mgongoni mwa ruta ya nyumbani ni swichi. Tundu la tano, ambalo mara nyingi lina rangi yake, ni mlango wa kutokea nje.

Kifaa hiki kinyonge kiliwahi kuzua ugomvi mkubwa Nairobi. Wakati Telkom Kenya ilipokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, pengine katika jengo hilohilo, ilipanda setelaiti, ikavuka hadi Marekani au Ulaya, na kurudi kwa njia hiyo. Kampuni za intaneti ziliungana na Novemba 2000 zikafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, ambacho kiini chake kilikuwa swichi ya kuziunganisha kampuni hizo. Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na baada ya wiki mbili hivi mdhibiti akaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nchi ilikuwa imelipia safari ya angani ya barua ambazo zingeweza kuvuka chumba.

Waifai ilizaliwa kwenye masafa ambayo hakuna aliyeyataka. Mwaka 1985 FCC iliruhusu watu watumie bila leseni baadhi ya masafa ya redio yaliyoachiwa mashine kama tanuri za maikrowevu. Kiwango cha kwanza kilitoka mwaka 1997, kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikapanda hadi 11. Mwaka huo Apple ilitoa AirPort, kituo kilichobeba waifai, tundu la Etheneti na modemu ya kilobiti 56 ndani ya kasha moja. Kisanduku cha leo kilianzia hapo. Ulinzi wa awali wa waifai ulivunjwa na watafiti mwaka 2001, na WPA2, iliyokuja mwaka 2004, ndiyo iliyoweka nywila ya nyumbani kwenye msingi wa kuaminika. Lakini hakuna kiwango kilichoshinda ukuta. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuliko ya 5, na yote mawili huishiwa nguvu haraka kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa ya kale. Jengo lililokusudiwa kuzuia joto huzuia na mawimbi.

Hadi hapo vifaa vyote vilikuwepo, lakini Afrika Mashariki ilikosa cha kupitisha ndani yake. Pwani hii haikuwa ngeni kwa nyaya za baharini: mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilitoka Aden ikafika Zanzibar, ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Miaka 130 baadaye, pwani ya kutoka Somalia hadi Msumbiji ilikuwa bado haina mkongo hata mmoja wa baharini wa nyuzi za mwanga, na megabiti moja ya setelaiti iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Mwaka 2009 hali iligeuka. TEAMS, mkongo uliosukumwa na serikali ya Kenya pamoja na kampuni za simu, ulifika Mombasa mwezi Juni ukitokea Fujairah katika Falme za Kiarabu. SEACOM ulizinduliwa Julai 23, ukiigusa Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ukafuata mwaka 2010, ukitoka Port Sudan hadi Mtunzini, Afrika Kusini. Tanzania wakati huohuo ilikuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda mikoani na mipakani, njia iliyozifaa pia Rwanda na Burundi zisizo na bahari. Udhaifu haukwisha. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na Mombasa, na Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika pamoja, intaneti ya Tanzania na Kenya ikadorora kwa siku kadhaa.

Data ilipojaa ufukweni, tatizo likawa hatua ya mwisho ya kuingia nyumbani. Nchi tajiri zilikuwa zimelitatua kwa ADSL, ufundi unaoutumia waya uleule wa simu kwa masafa ya juu zaidi ya sauti, hivyo simu na intaneti vikaenda pamoja. Ulijaribiwa hapa pia, lakini waya wa shaba ulikuwa mchache, umechakaa, na ukiibwa kwa ajili ya kuyeyushwa. Njia ikapatikana hewani. Modemu ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, yenye laini ya simu ya mkononi ndani yake, ndiyo iliyokuwa muunganisho wa kwanza wa nyumbani kwa familia nyingi. Haikuwa na swichi wala waifai, na aliyeichomoa aliondoka na intaneti ya nyumba nzima mfukoni. Baadaye ilikuja ruta ya laini, kisanduku kile cha vifaa vinne, ila modemu yake huzungumza na mnara.

Faiba ilifika mwishoni. Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi Harlow, Uingereza, alionyesha kwamba uzi wa kioo ungeweza kubeba mawasiliano endapo kioo kingesafishwa kiasi cha kubakiza asilimia moja ya mwanga baada ya kilomita moja. Wataalamu wa Corning walifika hapo mwaka 1970. Uzi wa leo hubakiza karibu asilimia 95 kwa umbali huo. Mwaka 2009 Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Katika mitandao mingi ya nyumbani, uzi mmoja hutoka kituoni, ukafika kwenye kigawanyio cha mtaani kisichohitaji umeme, na mwanga ukagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Data inayoshuka hufika kwa nyumba zote, ikiwa imefungwa kwa siri ili kila kifaa kifungue yake tu. Inayopanda huenda kwa zamu zinazohesabiwa kwa sehemu ndogo mno za sekunde. Kushuka hutumika rangi moja ya mwanga, kupanda nyingine, na zote hazionekani kwa macho. Kifaa kinachopokea uzi huo, ambacho mafundi hukiita ONT, kimechukua nafasi ya modemu. Pengine hukaa peke yake, uzi mwembamba ukiingia upande mmoja na kebo ya Etheneti ikitoka upande wa pili kwenda kwenye ruta. Pengine vyote vimo kasha moja. Uzi huo haupendi kukunjwa: ukipindwa kona kali nyuma ya kabati, mwanga huvuja.

Faiba imepoteza sifa moja ya shaba. Simu ya zamani ilipata umeme wake kupitia waya wa simu, ikaita hata mtaa ukiwa gizani. Kioo hakipitishi umeme. Umeme wa nyumba ukikatika, ONT na ruta huzimika ingawa mwanga bado unafika ukutani, na kwa hiyo betri ndogo za volti 12 zimekuwa sehemu ya vifaa vya intaneti katika miji mingi ya eneo hili. Mahali ambapo faiba haijafika, setelaiti imerudi kwa sura mpya: Starlink, iliyoanza Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huo, hutumia setelaiti zilizo kilomita 550 hivi juu ya ardhi, na ucheleweshaji wa nusu sekunde umekwisha.

Taa za kisanduku husomwa kwa mpangilio ambao data hupita. Inayoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Tatizo liko kwenye uzi, na kuizima ruta na kuiwasha tena hakusaidii. Taa ya PON ikiwa imetulia lakini intaneti haipo, uzi ni mzima, na kinachofaa kuangaliwa ni mipangilio ya ruta, malipo au mtandao wa kampuni. Zote zikiwa sawa na chumba kimoja tu ndicho kisichopata mawasiliano, kosa ni la kuta, na dawa yake ni kebo ya Etheneti au kituo cha pili cha waifai, wala si kubadili kampuni.